Kofia Nyeupe ya Amos Thurlow

Hapa Newmarket, mji wa mbio za farasi huko Uingereza, mtu husomwa kwa rangi kabla ya kusomwa kwa jina. Farasi wanapotokeza mwisho wa uwanda, macho hayaoni pua wala kidevu cha mpandaji. Yanaona hariri tu, nyekundu na kijani na manjano, zikija kwa kishindo. Kila mwenye farasi ana rangi zake zilizoandikishwa, na mpandaji huzivaa kama askari avaavyo sare ya mfalme wake. Mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake atakwambia nani yuko mbele, naye bado hajaingia darasani. Ndiyo maana Amos Thurlow aliweza kuota mvi bila kujua kusoma hata jina lake mwenyewe, na watu wasimshangae. Aliletwa zizini akiwa mtoto mdogo, akafundishwa farasi, na farasi hawana herufi.

Alishinda mbio kubwa mara moja tu maishani, katika vuli ya kwanza baada ya Vita Kuu, na ushindi huo ndio uliomwangamiza.

Siku ile Sir Aubrey Stannage, tajiri mwenye zizi alimofanya kazi Amos, aliingiza farasi wawili katika mbio moja. Wote wawili walikimbia kwa rangi zake, manjano yenye mistari myeusi ya kuzunguka kifua na mikono. Ili watu wawatofautishe, mpandaji wa kwanza alivaa kofia nyeusi, ambayo ndiyo kofia halisi ya Sir Aubrey, na mpandaji wa pili alivaa kofia nyeupe. Kanuni za wakati huo zilimruhusu mwenye farasi kutangaza mapema ni yupi kati ya wawili wake anayetaka ashinde, na yule mwingine alipaswa kumpisha mwenzake hata kama ana nguvu za kumpita. Sir Aubrey alitangaza kofia nyeusi. Kofia nyeusi ilikuwa kichwani mwa Cecil Hartop, mpandaji ambaye wanawake walimtupia maua. Kofia nyeupe ilikuwa kichwani mwa Amos, juu ya farasi jike wa kahawia aliyeitwa Tansy.

Tansy hakumpisha mtu. Alishinda kwa urefu wa shingo. Sir Aubrey alimwongoza hadi ugo wa washindi kwa sababu desturi ilimlazimu, akawachekea wapiga picha, na bila kugeuza kichwa akamwambia Amos, "Umepanda kwa mara ya mwisho." Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Wala hapakuwa na tajiri mwingine aliyetaka kumpandisha mtu aliyemwasi bwana wake. Tangu siku hiyo Amos alizoa samadi katika mazizi yale yale, na vijana wakampa jina la Kofia Nyeupe, jina la kumcheka.

Kwa wakuu wa mbio Amos alisema kwamba Tansy alimshinda nguvu. Aliyeambiwa ukweli ni mkewe tu, Ivy, ambaye alishona hariri za wapandaji kwa mkono wake na ndiye aliyeishona kofia ile.

"Nililegeza hatamu," alimwambia. "Kidogo tu, Ivy. Nilitaka nione."

Basi, miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa Jubilei ya Mfalme, kampuni moja ya sigara ilianza kutia kadi za picha ndani ya pakiti zake. Zilikuwa kadi hamsini, kila moja na mpandaji farasi mashuhuri katika rangi za tajiri wake, jina lake limepigwa chapa chini. Mji mzima ukashikwa na wazimu. Wanaume waliokuwa wakivuta kiko waliacha kiko. Wanawake ambao hawajawahi kugusa sigara walikohoa jikoni ili wapate kadi. Katika zizi la Stannage vijana walizibandika ukutani mwa chumba cha matandiko kwa mpangilio, na palipokosekana kadi waliacha nafasi. Kampuni ilizitoa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na ile ya hamsini ilisemekana kuwa bado haijachorwa.

Nafasi hiyo ya hamsini ndiyo aliyoiona Percy Dyball.

Dyball alikuwa mnyapara wa zizi, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye hakumpiga kijana yeyote kwa sababu alijua njia nyingine. Asubuhi moja alimkuta Amos akisukuma toroli la samadi, akamshika bega kama ndugu.

"Bingwa," akasema, "umekaa? Kama hujakaa, kaa. Wenye sigara wanakutafuta."

"Wananitafutia nini? Sivuti."

"Kadi ya hamsini, baba. Wanataka mtu aliyeshinda siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Nikawaambia, huyo ninaye, yuko zizini kwangu, anakula mkate wangu. Wanamleta mchoraji."

Amos aliweka toroli chini. Vijana wawili waliokuwa wakipiga farasi brashi waliinamisha vichwa nyuma ya mgongo wa mnyama, mabega yakiwatetemeka.

"Usinichezee, Percy."

"Nikuchezee nina nini na wewe? Ila kuna jambo." Dyball akamtazama tumbo. "Wanachora mpandaji, hawachori mpishi. Wanataka uzito wa mbio. Hariri ile ikuenee kama zamani. Kama huwezi, sema sasa, niwaambie wamtafute mwingine."

"Nitaweza," alisema Amos.

Ivy alipoambiwa, sindano ilisimama mkononi mwake. Alimjua Dyball. Alijua kwamba mtu yule hajawahi kumvisha mwenzake kilemba isipokuwa cha ukoka. Lakini aliutazama uso wa mumewe, na humo aliona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu vuli ile ya zamani, naye akashindwa kukizima kwa dhana tu.

"Kwa nini wewe, na kwa nini sasa?" aliuliza.

"Kwa nini isiwe mimi?"

"Unataka kujiua kwa ajili ya karatasi ya sigara, Amos? Umri huu?"

"Hatukujaliwa mtoto," akajibu polepole. "Nikifa, jina linakufa na mimi. Sir Aubrey alilifuta, hata kwenye mbao za washindi wa zizi halimo. Karatasi ya sigara, watu wanaiweka. Wanaitia kwenye kitabu. Miaka mia, Ivy, mtu anafungua, anakuta Amos Thurlow."

Akaanza kujikausha. Kila mtu katika mji wetu anajua maana ya neno hilo, ingawa wapandaji hulifanya wakiwa vijana, na wengine miongoni mwao hawakuuona uzee kwa sababu yake. Alfajiri alivaa sweta tatu na koti la mvua juu yake, akapanda mbio kilima cha Warren, akarudi akivuja jasho, akalala chini ya mablanketi ya farasi ili avuje zaidi. Chakula chake kilikuwa kipande cha mkate wa kubanika bila siagi na nusu kikombe cha chai. Jumamosi alimeza chumvi ya kuharisha. Ivy alipopika nyama na viazi, Amos alitoka akasimama uani, mvua imnyeshee, mpaka harufu iishe.

Vijana wa zizi walipima maendeleo yake kila siku. Walimpandisha kwenye mizani ya shayiri, na Dyball akasoma uzito kwa sauti ya kasisi.

"Bado, bingwa. Bado unanona."

"Jana uliniambia nimebakiza ratili mbili tu."

"Jana ulikuwa na njaa. Leo umekunywa chai."

Vijana walicheka ndani ya viganja vyao. Mmoja alimletea soseji ya moto kwenye karatasi, akaila mbele yake taratibu, akilamba vidole. Amos alitazama farasi.

Amos akakonda kama ng'onda. Mashavu yalizama na macho yakawa makubwa. Ivy alishona hariri upya, manjano na mistari myeusi, kutokana na vipande alivyobakiza kazini. Kofia hakuishona. Ile ya kwanza ilikuwa bado ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa karatasi, na weupe wake ulikuwa umegeuka kidogo tu kuwa rangi ya maziwa.

Mchoraji alikuja mwezi Machi, upepo ukipuliza kutoka Urusi, kama tusemavyo hapa. Dyball alimwingiza Amos katika chumba cha matandiko, akamkalisha juu ya farasi wa mbao ambaye hutundikiwa tandiko, na akaufungua mlango wazi, "ili mwanga uingie." Amos alikaa pale ndani ya hariri nyembamba, miguu katika vikuku vya tandiko, mgongo umeinama kama mtu anayefukuza mstari wa mwisho. Mchoraji akaweka ubao wake. Asubuhi ilipita. Kila Amos alipotaka kushuka ajipashe moto, Dyball alimwambia kwamba mkono wa mchoraji utapoteza njia. Vijana walipita mlangoni mmoja mmoja, wakivua kofia zao kwa heshima, kisha wakakimbilia nyuma ya ukuta kwenda kucheka.

Adhuhuri Ivy alimletea mumewe chai. Alipita nyuma ya mchoraji, akaangalia ubao.

Alikuwa amechora punda. Punda aliyevaa kofia nyeupe, amekaa juu ya lundo la samadi, na masikio yametoboa kofia. Mchoro ulikuwa mzuri. Ivy akamtambua mchoraji pia: ni Len Catchpole, mchora vibao vya maduka kutoka mji jirani wa Bury, shemeji yake Dyball. Catchpole alimwona akiona, akafunika ubao kwa kiwiko, na shingo yake ikawa nyekundu.

Dyball alikuwa ameegemea mlango.

"Mwambie basi," alimnong'oneza Ivy. "Mimi sikuzuii. Nenda, mwambie sasa hivi. Maana akiambiwa na vijana atajisikia vibaya."

Ivy akatazama juu ya farasi wa mbao. Midomo ya Amos ilikuwa ya buluu, na alikuwa akitabasamu.

"Inaendaje, mke wangu?" aliuliza bila kusogeza kichwa. "Inafanana?"

"Kunywa chai," alisema Ivy.

Usiku huo homa ilimpanda, na kesho yake kikawa kichomi. Daktari alisikiliza kifua kilichobaki mifupa, akauliza ni nani aliyemnyima mtu huyu chakula. Majuma kadhaa Amos alilala chali akihema kama kisu kinachonolewa, na kila alipopata pumzi aliuliza swali moja.

"Imetoka?"

"Bado," alijibu Ivy.

Alikuwa amekata shauri kumwambia siku atakapopata nguvu. Kisha akakata shauri kumngoja afe bila kujua, kwa kuwa daktari alikuwa hasemi tena mengi. Hayo mawili aliyabeba jikoni na chumbani, na hakuna aliyeweza kuyashika naye.

Kabla hajachagua, kadi ya hamsini ilitoka.

Dyball aliileta mwenyewe. Alikuja adhuhuri, amevua kofia, na kwa mara ya kwanza Ivy aliona kwamba mnyapara yule alikuwa amestaajabu kweli.

"Sikiliza," akasema mlangoni, "hii si kazi yangu. Naapa. Hii imetoka ndani ya pakiti."

Ivy akaitazama. Uwanda wa kijani, mbingu ya buluu, na juu ya farasi wa kahawia mpandaji aliyevaa manjano yenye mistari myeusi. Kofia yake ilikuwa nyeupe. Zilikuwa mbio zile zile, Tansy yule yule. Na chini, kwa chapa, jina: Cecil Hartop.

Mchoraji wa kampuni, huko London, alikuwa ametafuta picha ya Hartop akishinda kwa rangi za Stannage. Akapata picha ya mshindi katika rangi za Stannage, akamchora, akamtilia jina la Hartop. Kofia hakuiuliza. Mtu wa London anaweza kuishi mpaka kufa akidhani kofia ni kofia.

"Ivy?" Sauti ilitoka chumbani. "Ni nani? Ni Percy? Imetoka?"

Kabla Ivy hajanyoosha mkono, Dyball alikuwa ameshaingia. Akaiweka kadi kwenye kiganja cha mgonjwa.

Amos aliisogeza karibu na pua. Kidole chake kilipita juu ya kofia, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto utosi.

"Kofia yangu," alisema. "Tazama Tansy alivyonyoosha shingo. Na kidevu changu amekipata, yule bwana. Nilijua alikuwa fundi." Akainua kadi kuelekea kwa Dyball. "Nisomee, Percy. Hapo chini."

Dyball aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha alimtazama Ivy, na mshangao wake wote ukamtoka usoni. Sauti yake laini ikarudi mahali pake.

"Macho yangu mabovu siku hizi," alisema. "Asome mkeo. Ndiye msomi wa nyumba."

Kadi ikawa mkononi mwa Ivy. Amos alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu Machi.

"Amos Thurlow," alisoma Ivy.

"Tena."

"Amos Thurlow."

Mgonjwa akajilaza, akafumba macho. Jioni hiyo aliomba mchuzi, akaumaliza.

Dyball alipotoka, Ivy alimfuata hadi langoni. Alimshika mkono wa koti.

"Bwana Dyball, nakuomba. Vijana wasimwambie."

"Wamwambie nini? Umesoma vizuri sana, Bi Thurlow. Umesoma kuliko kilichoandikwa." Akaondoa vidole vya Ivy kwenye koti, kimoja kimoja. "Nitawafunga midomo. Wananisikiliza, unajua. Ila mke wangu ana maumivu ya mikono, maskini, na mimi napenda shati langu liwe na wanga kwenye ukosi. Mgumu, lakini usinikwaruze."

Tangu wiki ile mashati ya Percy Dyball yalipepea kwenye kamba ya Ivy.

Amos akapona. Daktari alisema hakuwahi kuona jambo kama lile, na watu wa kanisani wakasema ni maombi. Alirudi kwenye toroli lake akiwa mwembamba na mwenye kikohozi, lakini kichwa chake kilikuwa juu. Kadi aliitia katika mfuko wa kizibao, ndani ya kipande cha hariri, na mtu akitaka kuiona hakuhitaji kuomba mara mbili.

Nani asiyetaka? Jumamosi, kilabuni, walimsimamisha juu ya benchi.

"Tusomee, Kofia Nyeupe. Wengine hatujasoma."

Amos aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza ya jina la Hartop, akakitembeza hadi ya mwisho, akatamka taratibu, "A-mos Thur-low." Alikuwa amejifunza kukipimia kidole mwendo, kisitangulie sauti. Wanaume walipiga meza. Mtu mmoja alitokwa na bia puani. Wengine walitazama sakafu, lakini wao pia walibaki wakaisikia.

"Na rudia kwa wenzetu wa nyuma," alisema Dyball, ukosi wake mweupe, mgumu. "Hawajakupata."

Na Amos akarudia, kwa furaha.

Ivy alisikia vicheko hivyo akipita barabarani. Alisimama kidogo dirishani, akamwona mumewe juu ya benchi, mashavu yana damu, watu wamemzunguka kama mfalme. Akajiambia kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya kicheko cha wengine ikiwa hajui kwamba ni kicheko. Aliendelea na safari yake.

Msimu wa mnada wa farasi, Cecil Hartop alikuja zizini. Alikuwa ameacha kupanda na sasa alinunua farasi kwa niaba ya matajiri; aliteremka kwenye gari akiwa na glovu za ngozi na kidevu cha pili. Vijana walipangwa uani. Dyball alimtembeza mlango hadi mlango, akisifu miguu na meno, na walipofika mbele ya Amos, hakusimama. Hakuna aliyemtuma Amos. Hilo ndilo Dyball aliloapa baadaye, na katika hilo alisema kweli.

Amos mwenyewe aliweka uma wa samadi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasogea.

"Bwana Hartop."

"Naam, mzee?"

"Miaka mingi. Nilitaka kukwambia kwamba sina kinyongo, na natumaini nawe huna." Akafungua kipande cha hariri. "Wamenitoa humu. Nikasema wewe hasa unapaswa kuiona."

Hartop hakuwa amesikia ila neno la mwisho. Watu walikuwa wakimletea kadi hii kila mahali: stesheni, hotelini, hata msalani. Aliichukua, akatoa kalamu ya wino katika mfuko wa ndani, na kuiegemeza kadi juu ya mlango wa nusu wa banda.

"Kila mtu na picha yangu," alimwambia Dyball, akiandika jina lake kwa kasi juu ya mbingu ya buluu. "Sura wameipata, lazima niseme. Lakini kofia, wajinga wale, wamenivalisha kofia ya pili. Maishani mwangu sijavaa nyeupe." Akaipuliza ikauke, akamrudishia Amos. "Haya, mzee. Wape wajukuu."

Farasi walisikika wakitafuna. Kisha kijana mmoja, yule wa soseji, akashindwa kujizuia, na alipocheka yeye wakacheka wote, kama mlango uliosukumwa na ng'ombe wengi. Hartop alicheka pia, kwa adabu, bila kujua sababu.

Amos aliitazama kadi. Aliutazama wino, kisha chapa iliyo chini, kisha wino. Alikunja hariri juu yake, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni, akaokota uma wake. Alifanya kazi mpaka saa ya kutoka, na hakuacha samadi hata katika banda moja.

Ivy alikuwa akianika mashati alipomwona akija. Meza ilikuwa tayari: mkate na mafuta ya nyama, kwa kuwa tumbo lake bado halikuzoea vizito. Amos alikaa. Aliiweka kadi katikati ya meza, kati ya mkate na chumvi.

"Nisomee."

Ivy akaona wino. Mikono yake ilikuwa na wanga; akaifuta kwenye aproni, ikachukua muda.

"Amos Thurlow," alisema.

"Hiyo ya chini. Na ya wino?"

Ivy akazidi kufuta mikono kwenye aproni.

"Ulijua kusoma siku ile," alisema Amos. "Soma."

"Ulikuwa unakufa, mume wangu."

"Nilikuwa nakufa nikiwa na jina langu. Lisilo kwenye kadi, sawa, lakini langu. Halijawahi kuchekwa juu ya benchi." Alikata kipande cha mkate, akakipaka mafuta mpaka yakatiririka pembeni. "Soma ya wino."

"Cecil Hartop."

"Na ya chini."

"Cecil Hartop."

Akala. Alitafuna vizuri, akameza, akakata kipande kingine, kikubwa zaidi. Ivy alitaka kusimama aende jikoni.

"Sijamaliza," alisema Amos.

Kadi ile iko mpaka leo juu ya rafu ya meko yao, imeegemezwa kwenye kopo la biskuti, na inapofika saa ya chai ya jioni hushushwa mezani. Mashati ya Dyball hayaji tena, maana hakuna tena siri ya kununua kwa wanga. Kilabuni Amos haendi. Anakula. Anakula viazi na mafuta, anakula pudingi za unga na figo, anasukuma sahani ijazwe upya, na shingo yake imemezwa na mabega. Hariri ile ya manjano haitaweza kupita hata mkono wake mmoja. Kila jioni, sahani ya pili inapowekwa, huinyooshea kadi kidole kinachong'aa mafuta.

"Soma," humwambia mkewe, mdomo umejaa.

Naye husoma, wino kwanza, kisha chapa.